Hadubini ya Elektroni na Msamiati wa Mhunzi: Hoja kutoka Nyanda za Juu za Kigoma

1.0 Utangulizi

Isimu na kemia ya yabisi ni taaluma zinazokutana mara chache. Mwanaisimu hushughulika na sauti, maneno na maana, yaani vitu visivyoshikika. Mwanakemia wa yabisi hushughulika na mawe, metali, vigae na mabaki mengine magumu ambayo, yakiachwa peke yake, hayasemi lolote. Makala haya yanadai kwamba liko jambo moja katika historia ya Afrika Mashariki ambalo taaluma hizi mbili haziwezi kulikamilisha zikitengana, nalo ni uyeyushaji wa chuma wa zamani. Hadubini ya elektroni inaweza kueleza mabaki ya tanuri yana elementi gani na yalipata joto la kiasi gani. Haiwezi kueleza kazi ile iligawanywa vipi, kila hatua iliitwaje na mhunzi mwenyewe alifikiri anafanya nini. Sehemu kubwa ya majibu hayo imo katika msamiati wa wahunzi. Tatizo ni kwamba mabaki ya tanuri hukaa ardhini kwa maelfu ya miaka bila kubadilika sana, lakini msamiati hufa pamoja na mzee wa mwisho aliyeujua.

Eneo linalochukuliwa kuwa mfano ni Kakonko na jirani zake Kibondo na Kasulu, katika nyanda za juu za Kigoma. Wilaya ya Kakonko iliundwa mwaka 2012 kutokana na Wilaya ya Kibondo, lakini kihistoria hiyo ni nchi ya Buyungu, mojawapo ya falme za Waha. Eneo hili limezungukwa na nchi ambazo uyeyushaji wake wa chuma umekwisha andikwa kwa kina: Buhaya upande wa kaskazini, maeneo ya Warongo na Kahama upande wa mashariki, Ufipa upande wa kusini, Burundi na Rwanda upande wa magharibi. Waha nao walikuwa na wahunzi wao. Hata hivyo, anayetafuta maandishi yanayounganisha mabaki ya kazi yao na maneno ya lugha yao hatakuta wingi kama ule wa kwa jirani. Hoja ya makala haya ni kwamba pengo hilo lizibwe mapema, na lizibwe na watu wawili wanaofuatana njiani: mwenye sampuli na mwenye daftari la maneno.

2.0 Hadubini ya elektroni inafanya nini?

Kabla ya kuitathmini zana hii, ni vizuri kueleza kwa ufupi namna inavyofanya kazi, kwa kuwa wasomaji wengi wa jarida la Kiswahili hawakupata nafasi ya kuiona.

Hadubini ya kawaida hutumia nuru. Nuru ionekanayo ina urefu wa wimbi wa baina ya nanomita 400 na 700 hivi, na kwa sababu hiyo haiwezi kutenganisha vitu vilivyo karibu sana, takriban chini ya nanomita 200. Mwaka 1931, huko Berlin, Ernst Ruska na Max Knoll walionyesha kwamba miali ya elektroni inaweza kukusanywa kwa lenzi za sumaku kama vile nuru inavyokusanywa kwa lenzi za kioo. Kwa kuwa elektroni iliyoongezwa kasi ina urefu wa wimbi ulio mfupi mno kuliko ule wa nuru, upeo wa kuona uliongezeka mara nyingi. Ruska alipewa Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 1986, miaka 55 baadaye.

Kwa mwanakemia, hata hivyo, kuona vitu vidogo ni nusu tu ya faida. Elektroni zinapoligonga yabisi, huziondoa baadhi ya elektroni za ndani za atomi zake. Nafasi iliyoachwa hujazwa na elektroni kutoka tabaka la juu, na tofauti ya nishati hutoka kama eksirei. Tangu utafiti wa Henry Moseley wa mwaka 1913 ilifahamika kwamba kila elementi hutoa eksirei zenye nishati yake maalumu. Chuma kina mstari wake mkuu kwenye kiloelektronivolti 6.40, titani kwenye 4.51, silikoni kwenye 1.74. Elementi moja haiwezi kujificha nyuma ya jina la nyingine, isipokuwa pale mistari miwili inapokaribiana sana. Raimond Castaing, katika tasnifu yake ya mwaka 1951 mjini Paris, alijenga juu ya msingi huo chombo cha kupima kemia ya nukta moja ndogo ya yabisi. Leo hadubini nyingi za elektroni zina kihisio cha eksirei, na mtafiti anaweza kuuliza punje yenye upana wa maikromita chache tu ina elementi gani na kwa uwiano gani.

Sampuli ya mabaki ya tanuri hukatwa, hugandishwa ndani ya gundi ngumu, husuguliwa mpaka ing'ae, hupakwa utando mwembamba wa kaboni ili ipitishe umeme, kisha huwekwa katika ombwe. Katika picha inayotokea, sehemu zenye elementi nzito huonekana nyeupe zaidi na zenye elementi nyepesi huonekana nyeusi zaidi. Mabaki ya kawaida ya uyeyushaji wa kale huonyesha matone meupe ya oksidi ya chuma, fuwele ndefu za kijivu zenye chuma na silikoni ziitwazo fayalaiti, na kati yake kitu kama kioo kilichobeba alumini, kalisi na potasi. Fayalaiti safi huyeyuka kwenye nyuzi za Selsiasi 1205 hivi, ilhali chuma chenyewe huyeyuka kwenye nyuzi 1538. Hapo ndipo inapoonekana siri ya kazi ile: mhunzi hakukiyeyusha chuma. Aliyeyusha takataka za mbale zikatiririka, chuma kikabaki bonge la kufuliwa kwa nyundo.

3.0 Mipaka ya zana

Zana yenye uwezo mkubwa huleta kishawishi cha kuamini kwamba inaweza yote. Mipaka ya hadubini hii inafaa itajwe bila kuficha.

Kwanza, eksirei hutaja elementi, hazitaji namna elementi ile ilivyoungana na oksijeni. Oksidi mbili za chuma zinatofautiana sana kwa mtu anayetaka kujua hewa ilikuwaje ndani ya tanuri, lakini kihisio cha eksirei peke yake hakizitenganishi vizuri. Pili, kihisio cha kawaida hakitegemeki kwa elementi iliyo chini ya takriban sehemu moja katika elfu ya uzito. Tatu, sampuli iliyopakwa kaboni haiwezi kuulizwa kwa uhakika ilikuwa na kaboni kiasi gani, ilhali kaboni ndiyo inayotofautisha chuma laini na feleji. Mapungufu haya yana tiba za kimaabara, na wataalamu wanazijua.

Mpaka wa nne hauna tiba ya kimaabara. Takwimu za tanuri zinahitaji mtu wa kuzifasiri, na mfasiri huja na matarajio yake. Mfano unaofahamika zaidi ni wa Buhaya. Mwaka 1978 Peter Schmidt na Donald Avery walichapisha katika jarida la Science hoja kwamba wahunzi wa Kihaya walipasha moto hewa kabla haijaingia tanurini, na kwa hiyo walifikia joto la juu sana kuliko lililodhaniwa. Hoja hiyo iliwafurahisha wengi, kwa kuwa ilipinga dharau ya muda mrefu kuhusu ufundi wa Mwafrika. Lakini wataalamu wengine wa metali, miongoni mwao J. E. Rehder na David Killick, waliihoji na kusema kwamba ushahidi uleule unaweza kuelezwa bila kupasha hewa moto. Mjadala huo ni funzo. Vipimo havikubadilika, kilichobishaniwa ni maana yake. Anayetaka hadubini imthibitishie fahari ya mababu atasikitishwa nayo sawasawa na anayetaka imthibitishie unyonge wao.

4.0 Msamiati kama ushahidi

Iwapo vipimo vinahitaji mfasiri, basi mashahidi wote wanaopatikana waitwe. Shahidi mmoja anayesahaulika ni neno. Mifano mitatu kutoka nchi zinazoizunguka Kakonko inatosha kuonyesha uzito wake.

4.1 Neno linalotangulia jembe la mchimbaji

Katika kijiji cha Katuruka, Bukoba Vijijini, palikuwa na mti mtakatifu ulioitwa Kaiija. Jina hilo katika Kihaya linahusishwa na mahali pa kufulia chuma, na masimulizi ya wenyeji yaliupambanua mti huo na kazi ya chuma ya mtawala Rugomora Mahe. Schmidt aliwasikiliza wazee, akachimba mahali walipomwonyesha, akakuta mabaki ya kazi ya chuma ambayo sehemu yake ilipimwa kuwa ya zamani kuliko enzi ya mtawala huyo kwa karne nyingi. Ukubwa wa umri huo umejadiliwa, kwa kuwa mkaa wa mti mkongwe unaweza kumpotosha mpimaji. Lakini jambo la msingi kwa mwanaisimu halibadiliki: jina la mahali lilihifadhi habari ya kazi iliyokuwa imefanyika pale, na jina hilo ndilo lililoelekeza uchimbaji. Bila jina, hapangekuwa na sampuli ya kupeleka maabara.

4.2 Neno linalotenganisha hatua

Huko Ufipa, wahunzi walikuwa na matanuri mawili yenye majina mawili. Tanuri refu la kuyeyushia mbale liliitwa ilungu, kwa wingi malungu. Lile dogo la kusafishia bonge la chuma liliitwa kintengwe, kwa wingi vintengwe. Bertram Mapunda, mwanaakiolojia, ameandika kwa kirefu kuhusu teknolojia hizi. Sasa achukuliwe mtafiti asiyejua Kifipa, aliyekusanya mabaki kutoka matanuri yote mawili na kuyaweka chini ya hadubini. Ataona makundi mawili ya mabaki yenye kemia isiyolingana. Atashawishika kusema kwamba ni teknolojia mbili, pengine za watu wawili au za karne mbili. Msamiati unamwonya mapema: ni kazi moja yenye hatua mbili, na wenyewe walizijua kuwa mbili. Tofauti ya maneno imetangulia kuchora mpaka ambao kemia inakuja kuuthibitisha.

4.3 Pale ambapo neno halipo

Mizani itapotoka iwapo itadaiwa kwamba neno lipo daima. Hukohuko Ufipa, Mapunda alieleza aina nyingine ya matanuri, yajulikanayo kama katukutu, ambayo wenyeji hawakuwa na kumbukumbu za waliyoyajenga. Hapa lugha imenyamaza. Kinachobaki ni udongo, mkaa na mabaki, na hadubini inakuwa shahidi mkuu. Mfano huu unaonyesha hali itakayokuwa kila mahali siku msamiati utakapokwisha: matanuri yote yatakuwa katukutu. Yatapimika, lakini hayatakuwa na mwenyewe.

5.0 Kakonko na ushahidi wa lugha ndugu

Kiha ni lugha ndugu ya Kirundi na Kinyarwanda, pamoja na Kihangaza na Kishubi. Undugu huu unampa mwanaisimu mahali pa kuanzia hata kabla ya kufika Kakonko.

Chukua kitenzi cha kufua chuma. Katika Kibantu cha Awali mzizi huo umeundwa upya kuwa *-túd-. Konsonanti *t mbele ya irabu funge ya juu imekuwa f katika Kiswahili, na *d ya mwisho imedondoka, tukio lililotupatia fua. Konsonanti iliyodondoka bado inachungulia katika kauli ya kutendea: fulia. Katika Kirundi na Kinyarwanda mzizi huohuo umekuwa -cura, na mtenda kazi ni umucuzi, ambapo r imegeuka z mbele ya kiambishi cha mtenda. Nyundo ya Kiswahili ni inyundo katika lugha hizo. Chuma ni icuma katika Kirundi. Kwa hiyo mhunzi wa pwani na mhunzi wa nyanda za juu hawakurithi ufundi kwa mashaka. Lugha zao zinaonyesha kwamba sehemu ya urithi huo ni ya pamoja na ni ya kale. Kazi ya Pierre de Maret na F. Nsuka ya mwaka 1977 kuhusu istilahi za metali katika lugha za Kibantu, na ile ya David Schoenbrun kuhusu msamiati wa eneo la Maziwa Makuu iliyotoka mwaka 1997, zimeonyesha njia hii kwa upana.

Mfano wa kuvutia zaidi ni wa ngeli. Katika Kinyarwanda, urutare ni mwamba, na ubutare ni mbale ya chuma. Shina ni moja. Kilichobadilika ni kiambishi cha ngeli. Msemaji amelichukua jiwe la kawaida na kulihamishia katika ngeli nyingine, na kwa kitendo hicho cha kisarufi ametamka kwamba jiwe hili lina kitu ndani yake. Mwanakemia hufanya kazi hiyohiyo kwa kihisio cha eksirei: hutenga jiwe lenye chuma na jiwe lisilo nacho. Mhunzi aliifanya kwa jicho, kwa uzito mkononi na kwa neno.

Maswali ya kupeleka Kakonko yanatokana na hapo. Je, Kiha cha Buyungu kinatenga mwamba na mbale kwa njia hiyo? Je, wazee wana jina zaidi ya moja la mbale, kwa rangi, kwa uzito au kwa mahali ilipochimbwa? Bomba la udongo lililopitisha upepo lina jina gani, na mfuko wa ngozi wa kuvukutia una jina gani? Je, bonge la chuma lililotoka tanurini liliitwa kwa jina tofauti na chuma kilichokwisha fuliwa? Maswali haya yana thamani kubwa kwa hadubini. Iwapo wazee wanataja mbale za aina mbili, na hadubini ikionyesha kwamba baadhi ya mabaki yana titani au manganizi nyingi kuliko mengine, basi kuna uwezekano wa kulioanisha neno na jiwe. Uoanishaji wa namna hiyo haupatikani kwa maabara peke yake wala kwa daftari peke yake.

Tahadhari za kiisimu zinahitajika. Lotta Harjula alichapisha mwaka 2004 sarufi ya Kiha pamoja na matini na msamiati, na hiyo ni hazina ya kuanzia. Lakini msamiati wa jumla hauwezi kutazamiwa kubeba istilahi zote za fani iliyokoma kufanywa. Tena, eneo hili limepokea wakimbizi kutoka Burundi katika vipindi mbalimbali tangu mwaka 1972, na lugha za pande mbili zinafanana sana. Mkusanyaji atalazimika kujua kila neno limetoka kwa nani na huyo mtu alilipata wapi. Neno lisilo na ukoo, sawa na sampuli isiyo na mahali ilipookotwa, halina nguvu ya ushahidi.

6.0 Suala la istilahi

Yupo atakayesema kwamba haya yote yanawahusu wanahistoria, na kwamba Kiswahili cha sayansi kina mahitaji mengine. Makala haya yanaona kinyume chake.

Kiswahili kimekwisha pata istilahi nyingi za kueleza hadubini ya elektroni. Iliyokuwa Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili, yaani TUKI, ilitoa mwaka 1990 Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia. Maneno kama atomi, elementi, ombwe na yabisi yamezoeleka, na aya za sehemu ya pili hapo juu ni ushahidi kwamba jambo lenyewe linaelezeka. Ugumu unaanza pale hadubini inapoacha kujieleza yenyewe na kuanza kueleza kitu kilicho chini yake. Hapo wanafunzi wengi huhamia Kiingereza, kwa imani kwamba Kiswahili hakina jina la kile kitu.

Chukua neno la mabaki yanayotiririka kutoka tanurini. Kiswahili kina jina lake la siku nyingi: mavi ya chuma. Baadhi ya watu huona haya kuliandika katika tasnifu na hupendelea kutohoa neno la Kiingereza. Haya hiyo haina msingi wa kiisimu. Jina hilo linabeba nadharia nzima. Linasema kwamba tanuri lilikula, likasaga, likachukua kilichofaa na kutoa kisichofaa. Nadharia hiyo inakwenda sambamba na desturi, iliyoandikwa katika sehemu nyingi za Afrika Mashariki na Kati, ya kulifikiria tanuri kuwa ni mwili, mara nyingi mwili wa mwanamke anayezaa chuma. Isitoshe, inaafikiana na kemia: silikoni ya mbale huondoka pamoja na sehemu ya chuma kama fayalaiti, na kinachobaki ndicho chakula. Istilahi ya kutohoa ingetoa sauti tu. Istilahi ya mhunzi inatoa sauti pamoja na maelezo.

Vivyo hivyo kwa mbale, neno fupi lililomo katika kamusi za Kiswahili kwa maana ya jiwe lenye madini, lakini wengi huliruka na kusema "mawe yenye madini" kana kwamba jina halipo. Na pale ambapo Kiswahili hakijapata neno moja linalokubalika, kwa mfano la bonge la chuma ambalo halijafuliwa, utaratibu unaopendekezwa na wataalamu wa istilahi tangu zamani ni kutazama kwanza ndani ya Kiswahili, kisha lugha nyingine za Kibantu, ndipo zifuate lugha za mbali. Utaratibu huo unasifiwa sana katika semina na kufuatwa kidogo katika vitendo. Sababu mojawapo ni kwamba msamiati wa kiufundi wa lugha za Kibantu haujakusanywa, na kamati haiwezi kuchagua neno isilolijua. Kukusanya msamiati wa wahunzi wa Kakonko, kwa hiyo, ni kazi ya istilahi kabla haijawa kazi ya historia.

Faida yake haiishii kwenye matanuri ya kale. Kaskazini mwa Kakonko, huko Kabanga wilayani Ngara, kuna mashapo makubwa ya nikeli, na leseni maalumu ya uchimbaji ilitolewa mwaka 2021. Mbale ya nikeli huchunguzwa kwa hadubini za aina ileile inayochunguza mavi ya chuma, ili ijulikane nikeli imekaa katika punje zipi na ifikiwe vipi. Kijana wa Ngara au Kakonko atakayeajiriwa katika kazi hizo atakutana na mbale, tanuri na mavi ya metali kila siku. Ni vema akute kwamba lugha yake imekwisha fika kabla yake.

7.0 Pingamizi

Pingamizi tatu zinatarajiwa.

Ya kwanza ni kwamba wamechelewa wanaotaka kukusanya maneno: uyeyushaji ulikoma katika miongo ya mwanzo ya karne ya 20, majembe ya kiwandani yalipoenea. Ni kweli kwamba waliofanya kazi ile kwa mikono yao hawapo. Lakini ufuaji uliishi zaidi ya uyeyushaji, kwa kuwa mhunzi asiye na mbale alifua vyuma chakavu. Majina ya mahali yanaishi muda mrefu zaidi ya wote wawili, kama Kaiija inavyothibitisha. Aliyechelewa hana sababu ya kuchelewa zaidi.

Ya pili ni ya gharama. Hadubini ya elektroni ni chombo cha bei kubwa, kinachohitaji umeme wa uhakika na mafundi wa kukitunza, na sampuli nyingi za Afrika Mashariki zimechunguzwa katika maabara za nje. Pingamizi hii inaunga mkono hoja ya makala haya badala ya kuidhoofisha. Maabara ni ghali, lakini daftari ni rahisi. Sampuli inaweza kusubiri kabatini miaka 20 bila kupoteza silikoni yake. Mzee wa Buyungu hawezi kusubiri. Mpango unaoanza na kilicho ghali na kisichoharibika, ukaahirisha kilicho rahisi na kinachoharibika, umepangwa kinyume.

Ya tatu ni nzito zaidi. Inasemwa kwamba neno si ushahidi wa kuaminika: maneno hukopwa, hubadili maana, na wazee huwajibu watafiti kile wanachodhani kinatakiwa. Pingamizi hii ni sahihi, na ndiyo sababu ya kudai kwamba neno na sampuli vifuatane. Kila kimoja kinamhoji mwenzake. Neno linaloeleza hatua mbili za kazi linaweza kukanushwa na mabaki ya aina moja tu, na mabaki ya aina mbili yanaweza kumlazimisha mkusanyaji arudi kuuliza swali alilolisahau. Mjadala wa Buhaya umeonyesha kwamba hata vipimo huhitaji kuhojiwa. Hakuna sababu ya kulisamehe neno, wala ya kulifukuza barazani.

8.0 Hitimisho na mapendekezo

Kutokana na hoja zilizotolewa, makala haya yanapendekeza mambo manne:

(a) Kila mradi unaochukua mabaki ya tanuri kutoka nyanda za juu za Kigoma kwa uchunguzi wa hadubini uwe na mkusanyaji wa msamiati anayekijua Kiha, na sampuli na maneno viandikwe katika rejista moja.

(b) Matokeo ya uchunguzi yatolewe pia kwa Kiswahili, kwa muhtasari ambao mwalimu wa sekondari wa Kakonko ataweza kuusoma na kuutumia darasani.

(c) Idara za Kiswahili na isimu ziwape wanafunzi wa uzamili mada za msamiati wa fani: uhunzi, uchomaji wa chumvi, ufinyanzi, ususi, na wanafunzi hao wapate angalau mhula mmoja wa kusoma pamoja na wenzao wa akiolojia au kemia.

(d) Baraza la Kiswahili la Taifa lipelekewe orodha za maneno hayo mapema, ili kazi ya usanifishaji iwe na mahali pa kuchagua.

Mapendekezo haya hayahitaji taasisi mpya. Yanahitaji tu kwamba watu ambao tayari wanakwenda Kigoma, kila mmoja kwa shughuli yake, wakubali kupanda gari moja. Mwenye sampuli atarudi na jiwe lisilosema, na hadubini italisemesha kiasi chake. Mwenye daftari atarudi na maneno yasiyoshikika, na sarufi itayapanga kiasi chake. Akirudi mmoja bila mwenzake, nusu ya habari itakuwa imebaki mlimani, na nusu hiyo ndiyo yenye umri mfupi.